Uso wa Mama Kwenye Machimbo: Wasifu wa Marehemu Dada Chokaa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza, familia inawashukuru kwa kuacha kazi zenu siku ya leo. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Watoto wa marehemu walimwomba ukurasa mmoja. Zimekuwa nne, na aliyechapa ratiba amekwisha kulalamika. Mtamvumilia. Kuna jambo amelinyamazia miaka ishirini na mitano, na hatapata tena nafasi ya kulisema dada yake akiwa karibu hivi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1956, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa mabango na mkewe, dobi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana. Cha mbele kilinuka rangi na tapentaini, cha nyuma kilijaa mvuke wa pasi na mashuka ya watu. Mdogo wake alifuata mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba siku alipoletwa nyumbani amefungwa kwenye blanketi, marehemu alimtazama vizuri kisha akamuuliza mama kitu hicho kitarudishwa lini. Ukoo mzima umecheka kisa hiki kwa miaka sitini, isipokuwa mtu mmoja.

Wote wawili walikulia chini ya meza ya baba, kati ya makopo. Mkono wa marehemu ulitetemeka tangu utotoni. Haukuwa ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa, na mstari wake ulikwenda kama njia ya mbuzi. Mdogo wake alipokuwa na miaka tisa aliandika neno DUKA kwa brashi, bila kupiga penseli kwanza, herufi nne zimesimama kama askari. Baba akatoka nje kuwaita majirani waje waone, na siku hiyo hiyo akamkabidhi mtoto huyo brashi yake ya manyoya laini. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni. Wahenga walisema Mungu hakupi kilema akakukosesha mwendo, na kweli, aliyenyimwa mkono alipewa macho. Angeweza kulitazama doa la unyevu ukutani asubuhi nzima, mpaka mama akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, na sekondari hadi 1973. Mwaka 1976 dada na mdogo wake walifanya mtihani wa kuingia chuo cha sanaa siku moja, wakakaa madawati mawili yanayofuatana. Mdogo alipeleka picha ya mwalimu mkuu iliyofanana naye mpaka kwenye chunjua ya shavuni. Marehemu alipeleka vipande saba vya shuka kuukuu vyenye alama za kuungua za pasi ya mama, na hakuchora chochote. Nafasi ilikuwa moja. Barua ilipofika, mdogo wake ndiye aliyeipokea kwa tarishi, akaisoma akiwa amesimama barabarani, akaipeleka ndani, akampongeza dada yake kwa maneno yote yanayotakiwa. Kisha akaenda nyuma ya karakana akaikanyaga ile picha ya mwalimu mkuu mpaka chunjua isionekane.

Marehemu alihitimu mwaka 1979. Miaka hiyo mitatu mdogo wake alibaki na baba kujifunza kazi, naye aliijua kazi hasa. Alijifunza kuandika juu ya bati, juu ya kioo na juu ya ukuta wa kokoto. Alijifunza pia kuandika barabarani. Neno SIMAMA likiandikwa kwenye lami kwa herufi za kawaida, dereva akiwa mbali huona herufi zimejikunyata, hazisomeki. Kwa hiyo fundi huzirefusha. Ukizisimamia juu yake ni ndefu kama miguu ya twiga, lakini anayezitazama kutoka mbali, kwa chini, huziona zimekaa sawa. Siri hiyo baba alimfundisha mtoto mmoja tu, kwa sababu mmoja tu ndiye aliyekuwepo. Naomba, yaani mdogo wake marehemu anaomba, mlikumbuke hilo.

Tarehe 19 Desemba 1981 marehemu alifunga ndoa na mwokaji mikate, ambaye amekaa hapa mbele yetu. Mzee huyu alikuja karakana kuagiza bango la duka lake. Mdogo wake marehemu alilichora, mkate ukatoka moshi ambao mtu angeweza kuunusa. Mteja alirudi mara tatu kulitazama kabla rangi haijakauka, na fundi akaanza kuvaa gauni zuri chini ya aproni. Mara ya nne alikuja na mkate wa moto, akauliza kwa aibu kama yule dada anayesaga rangi pale kizingitini ameshachumbiwa. Fundi alijikaza kisabuni akamjibu kwamba bado. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini na kitu. Kila jioni, mmoja alirudi mweupe kwa unga, mwingine mweupe kwa chokaa, na watoto walipokuwa wadogo hawakujua ni nani ametoka kazini na nani ametoka kucheza.

Kazi ya marehemu wengi wenu mliisikia kabla ya kuiona, na wengine mliiona msijue ni kazi. Mwaka 1988 alikaa katikati ya soko siku tatu mfululizo akifua shuka moja jeupe, akilianika, akilichafua kwa vumbi, akilifua tena. Aliita hiyo ni sanaa. Mdogo wake alikuwa na bango la kuchora upande huo wa soko, na siku zote tatu alizunguka kwa njia ya nyuma asije akaulizwa kama anamfahamu yule mwanamke. Siku ya pili mama yao alifika amebeba kapu. Alisimama akatazama kwa muda, kisha akapenya watu, akasema, "Unasugua vibaya. Nipishe," akachukua shuka mwenyewe. Watu walipiga makofi. Marehemu alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya onyesho lote na hakuipanga yeye.

Mama alifariki tarehe 2 Februari 1996. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, marehemu aliamua kumchora kwenye mteremko wa machimbo ya mawe yaliyoachwa, ule unaotazamana na barabara kuu na kituo cha mabasi. Alitaka uso wa mama uonekane na kila anayepita. Aliwapata wanawake sita wapasua kokoto wa kumsaidia, akapata magunia ya chokaa, akapata ruhusa. Uso wenyewe alikuwa ameuchora kwenye karatasi ya miraba, kwa mkono wake ule ule. Kitu alichokosa ni namna ya kuuhamisha kutoka karatasi ya kushika mkononi kwenda kwenye kilima. Akaja karakana kwa mdogo wake.

Mtu angedhani mdogo alifurahi kuombwa msaada. Kwa miaka ishirini alikuwa amesikia tu habari za dada: dada ameandikwa gazetini, dada amealikwa ng'ambo, dada ameulizwa maoni yake kuhusu rangi nyeupe. Yeye aliyechora nusu ya mabango ya mji huu hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake kuhusu rangi yoyote. Kijiba cha roho kilikuwa kimekomaa. Marehemu alitandaza karatasi yake mezani pale pale pa baba, akauliza kila mraba wa karatasi uwe na ukubwa gani kule kwenye ardhi, na kama miraba ya juu ya mteremko iwe sawa na ya chini.

Mdogo wake alilijua jibu. Alilijua tangu akiwa na miaka kumi na minane. Mteremko ukitazamwa kutoka barabarani hujikunyata kama lami, na miraba lazima irefushwe, zaidi na zaidi kadiri unavyopanda.

"Hatua mbili kila upande," akasema. "Yote."

Marehemu akaandika hilo pembeni ya karatasi, akashukuru, akaondoka na kamba ya kuazima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Ilipokwisha, mama alionekana kutoka kituo cha mabasi akiwa na paji la uso lililobanwa, mashavu yametanuka, kidevu kimezama shingoni. Siku ya kwanza utingo mmoja aliuliza kama ni chura. Mdogo wake alimsikia, maana alikuwa amesimama hapo kituoni makusudi, tangu saa moja asubuhi, bila safari yoyote. Alirudi nyumbani akala vizuri. Lazima hilo lisemwe, kwamba alikula vizuri na akalala.

Raha hiyo ilidumu wiki tatu. Kisha akaja mkuu wa jumba la sanaa, ambaye leo amekaa safu ya pili na anakaribishwa, akaandika kwamba hajapata kuona uso wa mama uliobanwa na dunia namna ile na bado ukaitazama dunia machoni. Baada yake wakaja wapiga picha. Wakaja wanafunzi kwa mabasi, wakaja wazungumzaji wa lugha ambazo utingo hakuzijua. Uso ule umechapwa kwenye jalada la vitabu vitatu. Kila mwaka kabla ya mvua marehemu na wale wanawake sita waliumwagia chokaa mpya, mstari kwa mstari, ndipo watu wakaanza kumwita Dada Chokaa. Mdogo wake alialikwa kila mwaka na kila mwaka alisingizia magoti.

Hebu fikirini mateso ya mtu huyo. Alitaka kumharibia dada yake kazi, na uharibifu wake ndio uliosifiwa. Hakuweza kusema "ile ni yangu" bila kusema alivyoifanya, na hakuweza kumwona dada yake akipongezwa bila kuona zile hatua mbili kila upande. Akasema moyoni kwamba utukufu ule ni wa wizi na mwenye mali ni yeye. Alilishikilia wazo hilo kama mtu anavyoshikilia stakabadhi. Dada alipomletea kitabu chenye picha ya jalada, alikitumia kukandamizia karatasi dirishani, mahali ambapo jua lingekipausha.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huu madaktari walisema ni mapafu, na mmoja wao aliuliza amekuwa akifanya kazi gani. Alilazwa tarehe 14 Agosti, wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Mdogo wake alikuwa naye mchana, mume na watoto walipokezana saa nyingine. Siku moja akiwa anampaka mafuta mikononi, ile mikono iliyopasuka kwa chokaa, alishindwa kuendelea.

"Dada, ile miraba ya machimbo. Nilijua lazima irefushwe. Nilikwambia hatua mbili kusudi."

Wakati huo huo muuguzi akaja kubadilisha dripu. Muuguzi alipoondoka, marehemu alisema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana kwamba alilijua hilo siku ile ile ya kumi na mbili. Alishuka barabarani akautazama uso, akaona umejikunyata, akajua amedanganywa. Akashika njia ya karakana kuja kudai arekebishiwe. Alipofika kwenye kona aligeuka kuutazama mara ya mwisho, akamwona mama wa saa kumi na mbili jioni, ameinamia pasi tangu alfajiri, shingo imezama mabegani. Akasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akarudi nyumbani akauacha uso ulivyo.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekwambia, ungesema umeichora wewe."

"Nusu ningesema kweli."

"Ndiyo maana." Alipumzika kidogo kutafuta pumzi. "Mkono ulipewa wewe, mdogo wangu. Brashi ukapewa wewe. Baba aliwaita majirani kwa ajili yako, na mimi nilikuwepo pale mlangoni. Nikasema hiki kimoja kibaki changu."

Mdogo akamuuliza kama anamaanisha kwamba alikuwa akimwonea wivu, yeye, fundi wa mabango. Marehemu akasema tangu ile DUKA. Wakatazamana, wazee wawili wenye mvi. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuona watu wakicheka namna ile wodini, mpaka kikohozi kikakatiza. Kisha marehemu akasema mvua zinakaribia na mwaka huu hataweza kwenda.

"Chokaa umwage wewe. Ukitaka kumnyoosha mama, mnyooshe."

"Na wale wa jumba la sanaa watasemaje?"

"Wao hawana kamba."

Mngedhani mdogo wake alitoka hospitali amepona roho. Hapana. Alitoka na kijiba kipya. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amejifariji kwamba dada yake ni hodari wa kuokota bahati tu, na sasa aliambiwa kwamba dada aliiona kasoro, akaipima, akaichagua. Kesho yake yeye pia alikuwa amesimama kituoni akiutazama uso ule ule kwa saa nzima, na alichokiona ni chura.

Dada yetu aliaga dunia Jumatatu, tarehe 5 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mume wake ameushika mkono wake mmoja na binti yake mwingine. Mdogo wake alikuwa ametoka kwenda kuchukua chai. Hilo nalo linamuuma.

Jumanne na Jumatano, wakati nyumba imejaa waombolezaji, mdogo wake hakuonekana, na baadhi yenu mliuliza. Alikuwa machimboni. Chokaa ya mwaka jana ilikuwa imefifia, mistari inaonekana kwa shida. Pamoja na wale wanawake sita alipigilia vigingi upya, akapima miraba kama baba alivyomfundisha, mifupi chini, mirefu juu, akatandaza kamba nyeupe kufuata uso mpya. Mkono haukumtupa. Jumatano alasiri alishuka kituoni na mmoja wa wale wanawake, mkubwa wao, wakageuka kutazama.

Alikuwa mama. Paji lilikuwa paji lake, kidevu kimekaa mahali pake, macho yamelingana. Hakukosea hata mraba mmoja. Mtu yeyote aliyepata kumpa nguo za kufua angemtambua kutoka ng'ambo ya barabara, kama anavyotambulika kwenye kitambulisho. Mdogo wake alisimama akisubiri kufurahi.

Yule mwanamke alitazama muda mrefu, kwa heshima. "Mzuri," akasema. "Ila yule wa siku zote yuko wapi?"

Mdogo wake aliutazama tena. Kwa mara ya kwanza aliona kilichopungua, na aliona pia kwamba mkono wake peke yake usingekipata hata angepewa kilima kizima na miaka mia. Walipanda tena. Wakakusanya kamba, wakang'oa vigingi, na Alhamisi kutwa nzima wakamwaga chokaa juu ya ile mistari ya zamani, hatua mbili kila upande, yote. Mtakaopita barabarani jioni hii mtamkuta mama alivyo.

Binti wa marehemu aliposoma karatasi hizi jana alisema, "Mama mdogo, haya hayasomwi makaburini." Akakaa nazo kidogo, kisha akazirudisha bila kufuta neno. Mkuu wa jumba la sanaa atajua mwenyewe la kufanya na vitabu vyake. Iandikwe tu kwamba uso ule ulipotoshwa na mtu mmoja kwa husuda, na kwamba mtu mwingine aliutazama akaufanya kazi ya sanaa. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa msanii, na ndiye tunayemzika.

Marehemu ameacha mume, mwokaji mikate, watoto wawili, muuguzi na fundi umeme, wajukuu watano, wanawake sita wapasua kokoto, ambao daima aliwaita wenzake, na mdogo wake mmoja, fundi wa mabango, ambaye anamwonea wivu hadi saa hii, na ambaye angeutoa huo mkono wake uliosifiwa ili apate kumwonea wivu mwaka mmoja zaidi.

Apumzike dada yetu, kwa amani.